Fizikia Nje ya Darasa (2): Mwanafunzi Apewe Kipimo Chake

Makala iliyopita ilieleza namna mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya fizikia anavyotafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo: barua ya utambulisho, bima, fedha za kujikimu. Leo tuingie maabara, maana huko ndiko mafunzo mengi yanakopotelea. Kijana aliyekwisha kusoma sumakuumeme na fizikia ya nyuklia hupokewa vizuri, akaonyeshwa ofisi, kisha akakabidhiwa mafaili ayapange. Muda wake unapokwisha, kitabu cha kumbukumbu kimejaa sahihi na mihuri, naye hajapima kitu. Jambo hili linaniuma.

Mwanafunzi wa uhandisi akifika kiwandani, wenyeji wanajua wampeleke kwa fundi gani. Wa fizikia hana karakana inayomsubiri. Kwa hiyo nawashauri vijana watafute mahali ambapo kipimo kikikosewa, mtu anaumia.

Chukua tibamionzi. Hospitali inayotibu saratani kwa mionzi, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, haiwezi kufanya kazi bila wataalamu wa fizikia tiba. Wao ndio wanaohakiki dozi inayotoka kwenye mashine. Kifaa cha kupimia huwekwa ndani ya tangi la maji, kwa kuwa maji hufyonza mionzi karibu sawa na mwili wa binadamu. Ndani ya kifaa mna hewa kidogo. Mionzi ikipita, hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi za hewa hiyo, na chaji inayokusanywa ndiyo kipimo chenyewe.

Sasa tuseme kifaa hicho, ambacho hewa yake huingia na kutoka, kimehakikiwa Arusha, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na Pwani. Hewa ikiwa haba, chaji nayo hupungua. Kifaa ni kilekile, mionzi ni ileile, lakini namba inayosomeka Arusha si ile ya Dar es Salaam. Asiyesahihisha kanieneo na jotoridi atampa mgonjwa dozi isiyo yake. Kanuni ya gesi inayohitajika hapa imo katika vitabu vya sekondari! Mwanafunzi aliyeikariri miaka mingi ataielewa siku atakapoitumia kwa ajili ya mgonjwa.

Mashine za kobalti-60 nazo zina somo lake. Nusu-uhai wa kobalti hiyo ni miaka 5.27, hivyo nguvu ya chanzo hushuka kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na muda wa tiba sharti urefushwe kwa kadiri hiyo. Mwanafunzi anaweza kuandaa jedwali la mwaka mzima, kisha akaenda na msimamizi wake kulihakiki kwa vipimo. Mgonjwa hamgusi, na kifaa cha kupima mionzi anayoipata yeye mwenyewe hakitoki kifuani.

Nafasi hazipo hospitalini tu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mionzi katika vyakula, ikiwamo ile ya siziamu-137. Vigunduzi vya jerimaniamu vinavyotumika katika kazi za aina hii kwa kawaida hupozwa kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Anayependa vipimo visivyo vya mionzi aangalie jotoardhi: Kenya wana Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981.

Wanaotamani kwenda mbali waijue CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Programu yake ya wanafunzi wa kiangazi ilianza 1962, ina mihadhara na kazi ndani ya vikundi vya utafiti, na nafasi zipo hata kwa nchi zisizo wanachama. Programu nyingi za Marekani zinazogharamiwa na serikali, kwa upande mwingine, hupokea raia na wakaazi wa kudumu pekee. Someni masharti kabla ya kuandika barua.

Nanyi wakuu wa maabara, nawaomba. Kijana akija likizo ndefu, mpeni kipimo kimoja kiwe chake. Ahakiki kifaa, arudie kupima, aandike namba pamoja na ukubwa wa kosa linaloweza kuwamo. Mhojini juu ya namba hiyo, ndipo mtie sahihi kitabu chake.