Jina la mtoto wako lina maana gani?

Ndugu wazazi, mwezi huu tuzungumze juu ya majina. Hapa kambini jirani mmoja anaita Bukuru na Butoyi, mwingine anaita Mbuyi na Kabanga, na sokoni mama mwenyeji anaita Kulwa na Doto. Wote wanaita mapacha! Kwa Warundi, Bukuru ndiye mkubwa. Kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi ni Kulwa. Na anayewafuata mapacha, Warundi humwita Ciza, Waluba Kanku, Wasukuma Shija.

Mengine ni sala. Ndayishimiye ni kumshukuru Mungu. Riziki, Bahati na Furaha wala hayahitaji mfasiri.

Lakini kuna jambo. Kwa desturi ya Warundi kila mtoto hupewa jina lake, si lazima la baba. Watoto watano, majina matano, na mwandikishaji anashangaa: kweli hawa ni wa nyumba moja? Tena Ciza anaandikwa Chiza huku, Siza kule. Kesho akitafuta cheti, anaonekana ni watu wawili.

Basi, kabla ya kwenda kuandikisha mtoto, tukubaliane nyumbani herufi kwa herufi. Tubebe kadi ya kliniki, tuombe kusomewa kilichoandikwa, na kosa tuliseme palepale, tusione haya.

Na jioni tumweleze mtoto jina lake lilitoka kwa nani. Vitu vingi tuliviacha nyuma, jina tulikuja nalo.