Mwili Uliozoea Kuketi

Karibu kila mtu mzima aliyesoma shule ya msingi katika mikoa ya Shinyanga na Geita anaukumbuka mchakamchaka: alfajiri, vumbi, nyimbo, na safu za watoto wakikimbia kuizunguka shule kabla ya masomo kuanza. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, wanaukumbuka zaidi. Kumbukumbu hiyo ni nzuri, lakini humponza mtu pale anapofikia umri wa miaka arobaini na mitano, akaambiwa na mganga kwamba uzito wake umezidi, naye akaamua kuyaanza mazoezi pale pale alipoyaachia. Jumatatu hukimbia. Jumanne mapaja humwuma hata kuinuka kitini ni taabu. Ijumaa goti limevimba. Wiki inayofuata viatu vimerudi uvunguni mwa kitanda, na mhusika amekwisha kuamini kwamba mazoezi hayakuumbwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Imani hiyo si sahihi. Kilichomshinda si mazoezi bali ni haraka, na sababu zake zinaelezeka kwa elimu ya viumbe na fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari.

Kazi iliyojificha

Yafaa kwanza kuuliza kwa nini suala hili linazuka sasa katika nchi ya Wasukuma, ambako kwa vizazi vingi hakuna aliyehitaji kufundishwa mazoezi. Jibu ni kwamba mazoezi yalikuwamo ndani ya kazi. Kulima matuta kwa jembe la mkono, kupalilia pamba, kuchunga ng'ombe kutwa nzima, kwenda na kurudi kisimani na ndoo kichwani: yote hayo ni mazoezi, ijapokuwa hayakuitwa hivyo. Hata burudani ilifanana na kazi, kwa maana ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe.

Mengi ya hayo yamepungua, na aghalabu kwa sababu njema. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009, na hakuna mama anayetamani kurudi kwenye visima vya mbali. Pikipiki za kukodi humfikisha mfanyabiashara sokoni bila kupiga hatua mia moja. Dhahabu nayo imeleta kazi za namna mpya. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mchimbaji mdogo ndani ya duara bado hupiga nyundo na kuvuta mawe kwa kamba hadi jasho limtiririke. Lakini dereva wa gari kubwa la kubebea mawe katika mgodi wa kisasa huketi saa nyingi akishika usukani. Madini ni yale yale, ila kazi ya moyo na misuli haifanani kabisa.

Tofauti ya namna hiyo ilikwisha kuchunguzwa mbali na hapa. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake huko London walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili. Dereva aliketi kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi mamia ya mara kila siku akikata tiketi. Wote walitoka katika mitaa ya aina moja na mishahara yao haikutofautiana sana, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Baadaye Morris aligundua pia, kwa kupitia orodha za sare, kwamba madereva walishonewa suruali zenye viuno vipana zaidi. Hapo likazuka swali ambalo wanafunzi wanaweza kulijadili: je, ni kuketi kulikowanenepesha, au wanene ndio waliopendelea kuketi? Hata hivyo, tofauti ya ugonjwa wa moyo ilionekana pia baina ya madereva wembamba na makondakta wembamba.

Katika Tanzania takwimu za afya zinaonyesha mwelekeo ulio wazi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 36. Uzito uliozidi hupimwa kwa kugawanya kilo za mtu kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita. Mtu mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.68 hupata 92 ÷ (1.68 × 1.68), yaani 32.6. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa unene wa kupindukia. Kipimo hiki hakitofautishi mafuta na misuli, kwa hiyo mchimbaji mwenye misuli mikubwa anaweza kuhesabiwa mnene bila haki. Kwa watu wengi, hata hivyo, hutoa picha iliyo karibu na kweli. Kitambi, ambacho wengi bado hukihesabu kuwa dalili ya neema, kina tahadhari yake ya pekee: mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na shinikizo la damu.

Viungo havizoei kwa mwendo mmoja

Hili ndilo jambo kubwa ambalo mwanafunzi wa mazoezi hana budi kulifahamu. Mwili ukianza kufanyishwa kazi hubadilika, lakini kila sehemu ina kalenda yake.

Damu ndiyo ya kwanza. Ndani ya siku chache tu maji ya damu, yaitwayo plazma, huongezeka, na moyo hupata kiasi kikubwa zaidi cha kusukuma kwa kila pigo. Ichukuliwe kwamba mwili uliotulia unahitaji lita 5 za damu kwa dakika. Moyo unaotoa mililita 62.5 kwa kila pigo hulazimika kupiga mara 80. Ukiweza kutoa mililita 78 hupiga mara 64 tu. Tofauti ya mapigo 16 kwa dakika ni zaidi ya mapigo 23,000 kwa siku moja ambayo moyo umepumzishwa.

Misuli hufuata. Baada ya majuma machache kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, na ndani ya seli mitokondria huzidi wingi na uwezo. Mtu huanza kuona kwamba kilima kilichomtweta mwezi uliopita sasa hukipanda akizungumza.

Lakini kano zinazofunga misuli kwenye mifupa, na gegedu linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, hupata damu kidogo sana au hazipati kabisa. Kwa hiyo hujengeka taratibu mno, kwa miezi, wala si kwa majuma. Hapo ndipo mtego ulipo. Katika juma la tatu au la nne moyo na misuli humwambia mtu kwamba sasa anaweza kukimbia, na ni kweli vinaweza. Ila kano na goti bado havijawa tayari, na vyenyewe havisemi mpaka vimeumia.

Fizikia huongeza uzito wa hoja hii. Katika kutembea, daima mguu mmoja huwa chini, na nguvu inayoupiga mguu ni mara moja hadi moja na nusu ya uzito wa mwili. Katika kukimbia, mwili wote huruka na kutua, na nguvu hiyo hufikia mara mbili hadi tatu. Mtu wa kilo 92 hutua kwa mzigo unaokaribia kilo 230, na katika kilomita moja ya mbio za polepole hutua mara elfu moja hivi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 juu ya watu wanene wenye maumivu ya magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza mzigo wa kilo nne hivi juu ya goti kwa kila hatua. Mnene, basi, ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuanza kwa kutembea.

Somo kutoka Ziwa Eyasi

Wengi huacha mazoezi si kwa maumivu bali kwa kuvunjika moyo. Hupanda kwenye mzani baada ya mwezi mzima, wakakuta uzito haukubadilika. Maelezo ya jambo hili yalipatikana si mbali na Shinyanga, miongoni mwa Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hadi upande wa Meatu, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Mwaka huo huo Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadzabe 30. Walinyweshwa maji maalumu yenye aina nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha mkojo wao ukapimwa kwa siku kadhaa. Wanaume wa Kihadzabe walitembea kilomita zipatazo 11 kwa siku, na wanawake karibu 6. Pamoja na hayo, ukubwa wa miili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi ofisini.

Maana yake ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Hesabu ya kawaida nayo haifariji: mtu wa kilo 92 akitembea kilomita mbili na nusu kwa nusu saa hutumia takriban kilokalori 120 zaidi ya alipokuwa ameketi, na chupa moja ya soda ya mililita 350 huzirudisha zote na ziada. Uzito hupunguzwa zaidi na chakula. Lakini Wahadzabe hao hao wana shinikizo la damu lililo chini na mioyo imara hata uzeeni. Mazoezi, basi, yapimwe kwa kipimo chake: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, pumzi, usingizi, na sukari. Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi vizuri, na faida hiyo hudumu siku moja au mbili tu. Ndiyo sababu dakika kumi za kila siku zina thamani kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Namna ya kuanza

Achukuliwe mwenye duka wa Katoro ambaye kwa miaka kumi hakutembea ila kutoka kitandani hadi dukani. Kabla ya yote aende zahanati akapimwe shinikizo la damu na sukari. Likifikia 180 kwa 110, matibabu yatangulie. Anayetumia dawa za kisukari aulize jinsi ya kujikinga na kushuka kwa sukari. Katika Kanda ya Ziwa kuna tahadhari nyingine isiyosemwa mara nyingi: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano kaskazini-magharibi mwa Tanzania amerithi chembe moja ya urithi ya selimundu. Wengi wa watu hao huishi na afya njema bila kujua, lakini mbio kali za ghafla katika joto, bila maji, zinaweza kuwaletea madhara makubwa.

Juma la kwanza atembee dakika kumi, siku tano, mahali tambarare, kabla jua halijapanda. Mwendo ufaao ni ule unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Kila juma aongeze dakika mbili au tatu. Baada ya majuma manane hivi atakuwa amefikia nusu saa, na nusu saa kwa siku tano ni dakika 150, kiwango cha chini kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Si lazima dakika hizo ziwe za mfululizo. Shirika hilo liliondoa sharti la kufululiza angalau dakika kumi. Kwenda kwa mguu benki na kurudi kunahesabiwa. Mara mbili kwa juma ainuke na kuketi kwenye kigoda mara nane au kumi bila kujishika, ili mapaja yalilinde goti. Akiwa na shamba, jembe litamfaa kuliko chuma cha kunyanyua, mradi aanze na matuta mawili na si ekari nzima. Mbio, kama anazitaka, zisubiri mwezi wa nne, tena kwa kuchanganya dakika moja ya kukimbia na tatu za kutembea.

Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kwisha baada ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Maumivu ya kiungo yanayozidi kila siku yanamtaka arudi nyuma juma moja. Kifua kikibana, au kizunguzungu kikimshika, asimame mara moja na kumwona mganga.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wanaweza kuyathibitisha baadhi ya mambo haya bila chombo chochote ila saa yenye mshale wa sekunde. Kila mmoja aketi kimya kwa dakika tano, kisha ahesabu mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa sekunde 30 na kuyazidisha kwa mbili. Halafu wale wenye afya njema wapande na kushuka kidato kimoja cha ngazi kwa dakika tatu, kwa mwendo usiobadilika. Mapigo yahesabiwe mara tu wanapoketi, na tena baada ya dakika moja, mbili na tatu, kisha yachorwe kwenye grafu. Moyo uliozoea kazi hushuka upesi. Jaribio lirudiwe baada ya majuma sita kwa wanafunzi watakaokubali kutembea kila siku na kwa wasiotembea, na grafu za makundi hayo mawili ziwekwe juu ya ukurasa mmoja.