Kamera Ipi Ibebwe Kwenda Mradini? Tulinganishe Mbili za Dijitali





Katika vikao vya kamati za miradi swali moja limekuwa likirudi: tunapotakiwa kuambatisha picha kwenye taarifa ya robo mwaka, tutumie kamera ya aina gani? Wengine wanadhani kamera kubwa na ya bei ndiyo italeta taarifa nzuri. Wengine wanaona kamera yoyote inatosha. Makala haya yanalinganisha aina mbili ambazo wageni na wafadhili hupenda kutuachia zikiwa zimetumika: kamera ya dijitali yenye umbo la zile za zamani za kipimamasafa, na kamera ndogo ya mfukoni. Ili tusizungumze hewani, nimechukua mfano mmoja wa kila aina: Fujifilm FinePix X100, iliyoingia sokoni mwaka 2011, na Canon PowerShot S95 ya mwaka 2010.

Jambo hili si la starehe. Mfadhili aliye mbali haoni kisima wala zahanati, anaona picha. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mchango wa Yerusalemu (2 Wakorintho sura ya 8), alieleza jinsi alivyojihadhari ili pasiwe na lawama katika kuitunza sadaka ya watu. Picha ya mradi ni sehemu ya kujihadhari huko.

Kipimamasafa ni nini?

Kamera za kipimamasafa zilivuma wakati wa filamu. Leica M3 ya mwaka 1954 ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Mpigapicha alichungulia katika kidirisha kilicho pembeni ya lenzi, akaona taswira mbili za kitu kilekile. Alizungusha lenzi hadi taswira hizo zikakutana na kuwa moja, akajua kwamba umbali umepimwa sawasawa. Mwaka 2004 kampuni ya Epson ilitoa R-D1, kamera ya kwanza ya dijitali ya mfumo huo, na mwaka 2006 Leica ikatoa M8.

X100 imeiga umbo tu. Ina kidirisha pembeni na vipimo vya kuzungusha kwa mkono juu yake, lakini inalenga umbali yenyewe bila taswira mbili. Ina lenzi moja isiyobadilishwa na isiyovuta vitu karibu, yaani haina zumu. Uzito wake pamoja na betri ni gramu 445. Canon S95 ina uzito wa chini ya gramu 200, inaingia katika mfuko wa shati, ina zumu, na haina kidirisha. Unatazama kioo kilicho nyuma.

Megapikseli zisitusumbue

Jambo la kwanza ambalo watu huuliza ni megapikseli. X100 ina 12.3 na S95 ina 10. Tofauti hiyo ni ndogo sana kwa kazi zetu. Picha ya megapikseli 10 kutoka S95, ikichapishwa kwa ubora wa vitabu, inatoa karatasi ya upana wa sentimita 30 hivi, yaani kubwa kuliko A4. Jarida letu halihitaji zaidi ya hapo.

Tofauti kubwa iko katika kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Eneo la kihisi cha X100 ni karibu mara 9 ya kile cha S95. Mfano wake ni ndoo na kikombe vilivyowekwa nje wakati wa mvua: vyote vitapata maji, lakini ndoo itakusanya mengi zaidi kwa muda uleule.

Ndani ya jengo na jioni

Faida ya ndoo huonekana mahali penye giza: darasa lisilo na umeme, wodi ya zahanati, mkutano wa vikoba unaomalizika magharibi. Hapo X100 hutoa picha safi, yenye chengachenga kidogo.

S95 nayo si dhaifu. Lenzi yake ikiwa haijavutwa hupitisha mwanga mwingi, tena ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, ambacho X100 haina. Kwa kupiga jengo, tangi au ubao wa matangazo jioni, kifaa hicho kinasaidia sana. Hakisaidii pale anayepigwa picha anapotembea au kucheza ngoma, kwa sababu kinatuliza mkono wa mpigapicha tu. Aidha, mtumiaji ajue kwamba zumu ya S95 ikivutwa hadi mwisho, lenzi hupitisha takribani sehemu moja ya sita ya mwanga iliyokuwa ikiupitisha mwanzo. Ndani ya jengo usivute zumu, sogea karibu.

Juani

Saa sita mchana mambo hubadilika. Kioo cha nyuma cha S95 hung'aa kwa jua, na mpigapicha hubaki akikisia. Ndiyo sababu taarifa nyingi huwa na picha zilizokatwa vichwa. X100 ina kidirisha cha kuwekea jicho, na hapo jua halisumbui.

Kidirisha hicho nacho kina hila yake. Kwa kuwa kiko pembeni ya lenzi, ukikaribia kitu sana jicho lako na lenzi havioni kitu kilekile. Ukitaka kupiga kibao chenye namba ya pampu, au mita ya maji, badilisha kwa kile kiwiko cha mbele ili kidirisha kioneshe picha ya lenzi yenyewe. S95 haina shida hiyo. Inaweza kukaribia kitu hadi sentimita 5, na unachokiona kwenye kioo ndicho utakachopata. Kwa stakabadhi, namba za mashine na nyufa za ukuta, kamera ndogo inashinda.

Kamera zote mbili hudanganywa na mwanga ulio nyuma ya mtu. Mama akisimama mlangoni au mbele ya ukuta mweupe, uso wake hutoka mweusi kama kivuli. Dawa yake ni kuiambia kamera iongeze mwanga. Kwenye X100 kuna gurudumu dogo juu, upande wa kulia: lizungushe hadi +1. Kwenye S95 kipimo hichohicho kipo, nacho huongezwa vivyo hivyo. Au mwombe mama ageuke, mwanga umwangukie usoni. Kumwonesha mtu bila sura, wakati jengo la nyuma linaonekana vizuri, ni kusema bila maneno kwamba jengo ndilo la maana.

Zumu na heshima ya mtu

Hapa ndipo ninapotaka tutulie. Ukiwa na zumu unaweza kusimama mbali, ukachukua uso wa mtoto anayelia au wa mzee mgonjwa, ukaondoka bila hata kusalimia. Ukiwa na X100 huwezi. Ili uso uonekane vizuri lazima usogee hadi hatua moja au mbili kutoka kwa mtu. Kwa umbali huo huna budi kupiga hodi, kuamkia, kujitambulisha na kuomba ruhusa. Upungufu wa kamera umegeuka kuwa adabu.

Zumu ina jambo jingine. Ukisimama mbali na kuvuta, watu kumi waliopanga foleni kisimani huonekana wamesongamana kama umati. Hujaongeza mtu hata mmoja, lakini anayesoma taarifa atahesabu vingine. Mpiga picha wa mradi asimame pale ambapo msomaji angesimama kama angekuwepo.

Mwaka 2006 mashirika ya maendeleo ya Ulaya yaliyo chini ya muungano wa CONCORD yalikubaliana kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, zinazosisitiza utu wa anayepigwa picha. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ridhaa ya mhusika ni mojawapo ya misingi yake. Lakini hata pasipo sheria, mwenye nyumba ndiye anayemkaribisha mgeni, na uso wa mtu ni nyumba yake.

Tukubali pia kwamba kamera ndogo ina wema wake. Haitishi. Wazee wengi hukaza uso mbele ya kamera kubwa, ila mbele ya kidude kidogo huendelea na mazungumzo. Basi mwenye S95 ajiwekee sharti ambalo X100 humwekea mwenzake: kwa picha za watu, asiguse zumu mpaka awe amesalimia na kukubaliwa.

Picha za kabla na baada

Wafadhili wengi huomba picha mbili za mahali pamoja: kabla ya kazi na baada ya kazi. Zikipigwa kutoka sehemu tofauti, hazilinganishiki. X100, kwa kuwa upana wa picha yake haubadiliki, hurahisisha kazi hii: weka jiwe au chagua mti pa kusimama, na baada ya miezi sita rudi palepale. Mwenye S95 aanze na zumu ikiwa haijavutwa kabisa, mara zote mbili. Upana huo pia ni mkubwa kuliko wa X100, jambo linalofaa kwa picha ya kamati nzima mbele ya ofisi finyu.

Hakikisheni tarehe na saa ya kamera ni sahihi. Kila picha hubeba tarehe ndani yake, na kamera iliyokaa miezi mingi bila betri yenye moto husahau saa. Tarehe mbaya katika picha ya ushahidi huleta maswali kuliko kukosa picha.

Umeme, vumbi na umri

Kamera hizi mbili hazichajiwi kwa waya wa USB kama simu. Betri hutolewa na kuwekwa katika chaja yake, inayohitaji umeme wa kawaida wa ukutani. Mahali penye sola ya taa tu, pahitajike inveta, au betri mbili zilizochajiwa mjini. Chaja ya X100 ina kipande kidogo cha plastiki cha kushikilia betri. Kikipotea, betri haikai vizuri.

Lenzi ya S95 hutoka na kuingia kila unapoiwasha na kuizima, na barabara zetu wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Vumbi likiingia, lenzi hukwama. Iwashwe ikiwa imetulia mkononi, na ikae ndani ya mfuko wenye zipu.

Anayepokea X100 ya mtumba aijaribu juani kwanza. Baadhi ya zile za mwanzo zilijulikana kwa vibati vya lenzi kunata, na picha za juani hutoka nyeupe mno. Pia aangalie programu yake ni toleo gani: toleo 2.00 la mwaka 2013 liliharakisha ulengaji, ambao mwanzoni ulikuwa wa taratibu.

Na simu je?

Simu nzuri ya leo inatosha kwa picha nyingi, na kamati isione haya kuitumia. Ila picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza tarehe yake ya ndani. Pia simu ni mali ya mtu: akihama au ikiibiwa, kumbukumbu za mradi huondoka naye. Kamera ya usharika hubaki kabatini, ikaandikwa katika daftari la mali.

Ushauri wetu

1. Usharika unaotafuta kamera uchague ndogo ya mfukoni. Inafundishika haraka, inabebeka kwa bodaboda, na inafanya kazi zote tatu: pana, mbali na karibu. Ilipotoka, S95 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 400, na X100 kwa karibu dola 1,200. Tofauti hiyo kubwa isitolewe katika fedha za mradi.

2. Kamera ya aina ya X100 ikae dayosisini au jimboni, mikononi mwa mtu aliyejifunza, kwa ajili ya picha za watu, mikutano ya jioni na kalenda.

3. Kila picha ya mtu iandikiwe katika daftari: nani, wapi, lini, na kama alikubali itumwe nje. Kwa mtoto, aulizwe mzazi au mlezi.

4. Marafiki mnaotutumia kamera zilizotumika, asanteni sana. Tunaomba ije na chaja yake, betri mbili na kadi ya SD. Kamera bila chaja ni zawadi inayosubiri zawadi nyingine.

Kamati inapokaa kuchagua picha za taarifa, iweke mezani ile iliyo wazi na ya kweli, hata kama si ya kupendeza kuliko zote. Kabla ya kuituma, mwoneshe aliyepigwa. Akitabasamu na kusema ndivyo ilivyo, taarifa yenu imepata shahidi.



Mratibu wa Miradi, Dayosisi