Minivan Iliyotumika: Uliza Giaboksi Kabla ya Kuuliza Bei

Familia yenye watoto wanne au watano ikifika Marekani, gari si suala la starehe. Majimbo mengi yanataka mtoto mdogo akae kwenye kiti chake maalumu, mara nyingi hadi atimize miaka 8, na kila abiria awe na mkanda wake. Hakuna kupakatana wala kusogeana kidogo kama tulivyozoea kwenye Noah. Ndiyo maana Jumapili kwenye maegesho ya makanisa ya Wakongo na Wakenya utakuta zimepangana Sienna, Odyssey na Grand Caravan. Nyingi zimenunuliwa zikiwa na maili zaidi ya 100,000, yaani kilomita 160,000 na ushei, kwa fedha zilizotokana na zamu za usiku.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nichukue Toyota au Honda? Jina peke yake halitoshi. Kila minivan ina miaka yake mizuri na miaka yake ya majuto, na ili kuitambua inafaa kujua magari haya yalivyozaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Chrysler ilikuwa ukingoni kufilisika, ikaokolewa na dhamana ya mikopo kutoka serikali ya Marekani. Chini ya mkuu wake, Lee Iacocca, mwezi Novemba 1983 ikaanza kuunda Dodge Caravan na Plymouth Voyager katika kiwanda cha Windsor, Ontario, nchini Kanada. Siri yake ilikuwa kutumia ufundi wa magari madogo ya saluni ya kampuni hiyohiyo: injini mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya mbele, sakafu iko chini na bapa. Mama aliingia bila kupanda ngazi, na gari liliingia kwenye gereji ya kawaida ya nyumbani. Washindani wakafuata njia hiyo. Toyota Sienna, iliyoingia sokoni kama modeli ya 1998, ilitokana na Camry. Honda Odyssey ilitokana na Accord.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Hiace ya nyumbani ilichorwa tangu mwanzo kubeba mizigo. Minivan ya Marekani ni mifupa ya saluni iliyopewa kazi ya basi dogo. Ikiwa tupu inakaribia tani mbili. Ongeza watu saba, masanduku na gunia la mchele, halafu ipandishe milima ya Kentucky mwezi wa saba. Anayeumia kwanza ni giaboksi. Giaboksi ya otomatiki huuawa na joto: oili inaungua, inapoteza ulaini, na sahani za klachi ndani yake zinalika. Honda ililiona hilo kwa gharama kubwa. Odyssey za 1999 hadi 2004 zilipata sifa mbaya kwa giaboksi zake, na mwaka 2004 kampuni ikayarudisha gereji magari zaidi ya milioni 1 ya aina mbalimbali kwa sababu ya gia ya pili iliyokuwa ikipata moto kupita kiasi. Bado unaziona zikitangazwa kwa bei ya kushawishi. Ziache.

Odyssey za baada ya hapo ni gari zuri barabarani, kwangu ndiyo minivan tamu kuliko zote kuendesha, lakini zina mambo mawili. La kwanza ni mkanda wa taimingi. Honda hii haina cheni. Ina mkanda wa mpira unaobadilishwa karibu na maili 100,000 au baada ya miaka saba hivi. Ukikatika ukiwa njiani, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Kazi hiyo pamoja na pampu ya maji huweza kufika dola 1,000 au zaidi, hivyo Odyssey isiyo na risiti ya mkanda ihesabu kama haujabadilishwa, hata muuzaji aape vipi. La pili ni mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta. Ulikuwa kwenye matoleo ya bei ya juu kuanzia 2005, na kuanzia 2011 ukawekwa kwenye Odyssey zote. Baadhi ya injini hizo hunywa oili na kuchafua plagi. Vuta kijiti cha oili: kikitoka kikavu, mwenye gari hakuwa akiangalia.

Kwa Sienna, mwaka wa kukumbuka ni 2007. Za 2004 hadi 2006 zina injini ya lita 3.3 yenye mkanda. Kuanzia 2007 ni lita 3.5 yenye cheni, na hiyo ni moja ya injini bora Toyota ilizowahi kutengeneza. Ukipata ya 2007 au 2008, muulize fundi kama paipu ya oili yenye kipande cha mpira ilishabadilishwa kuwa ya chuma, kwani baadhi zilipasuka na kumwaga oili yote. Zile zinazoendeshwa na magurudumu yote manne huvutia watu wa theluji, ila jua kwamba kwa miaka hiyo zilitoka kiwandani bila tairi la akiba na tairi zake maalumu ni ghali. Kasoro kubwa ya Sienna ni bei. Wauzaji wanajua tunavyoliamini jina la Toyota, na wanatutoza kwa imani hiyo.

Grand Caravan wengi wetu tunaidharau, na nadhani tunakosea. Iliundwa hadi 2020, nyingi zilikuwa za kampuni za kukodisha, spea zake ziko kila kona, na viti vya katikati hulala ndani ya sakafu. Injini yake ya lita 3.6 ilianza modeli ya 2011. Za miaka ya mwanzo zilisumbuliwa na kichwa cha silinda cha upande wa kushoto, hadi Chrysler ikarefusha dhamana ya sehemu hiyo kufikia miaka 10. Tafuta ya 2014 kuendelea. Kia Sedona inafaa ikiwa na kumbukumbu kamili za matengenezo. Nissan Quest ya 2011 kuendelea siishauri, kwa sababu ya giaboksi yake isiyo na gia za kawaida.

Ukienda kuliona gari, fika injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto ilhali muuzaji alijua unakuja, huenda ameliwasha mapema kuficha mlio wa asubuhi. Washa, sikiliza. Kanyaga breki, ingiza R, kisha D: gari lishike mara moja bila kushtuka. Halafu liendeshe si chini ya dakika 20, nusu yake barabara kuu, kwani giaboksi mbovu inaweza kutulia ikiwa baridi na kuanza kuteleza ikipata moto. Kwenye mlima, mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo usipande, rudisha ufunguo. Giaboksi nyingine inaweza kula dola 4,000, nusu ya bajeti ya wengi wetu. Mwisho fungua na kufunga milango ya pembeni mara kadhaa, kwa swichi na kwa mkono. Ikikwama au kukwaruza, mota na nyaya zake si za bei rahisi.

Ukiwa Minnesota, Ohio au New York, piga magoti uangalie chini. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula bodi kuanzia kingo za chini ya milango, matao ya tairi za nyuma na paipu za breki. Mwaka 2010 Toyota iliita zirudishwe gereji takribani Sienna 600,000 za 1998 hadi 2010 kwa sababu waya unaoshikilia tairi la akiba chini ya gari uliweza kuliwa na kutu, tairi likaanguka barabarani. Rangi mpya nyeusi iliyopuliziwa chini ya gari kuukuu usiichukulie kama usafi.

Karatasi nazo zisome mwenyewe. Hati ya umiliki yenye neno "salvage" au "rebuilt" ni ya gari lililowahi kuhesabiwa na bima kuwa limeharibika kabisa. Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 ingiza kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, bila malipo, uone kama kuna marekebisho ya usalama ambayo hayajafanywa; Sienna za 2011 hadi 2014, kwa mfano, ziliitwa zirudishwe gereji kwa sababu ya mifuko ya hewa mibovu ya Takata. Kwenye yadi, karatasi ya dirishani ikisema "As Is", gari likifa kesho hasara ni yako. Ripoti ya Carfax ya historia ya gari inasaidia, ila ajali ambayo haikuripotiwa haimo. Na wanaopanga kulipeleka gari nyumbani: Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto.

Ukiwa na dola 8,000, nunua la 6,500. Zinazobaki ni za tairi, oili ya giaboksi, betri na huo mkanda. Mimi ningechukua Grand Caravan ya 2015 yenye risiti zote kabla ya Sienna yenye kutu na maelezo ya mdomo. Dola 150 za fundi asiyemjua muuzaji zitoe bila kusita, na muuzaji akikataa fundi asiliguse gari, ondoka. Nanyi mliokaa hapa muda mrefu na mnaojua magari, msindikizeni mgeni Jumamosi moja kabla hajatia sahihi.