Arua Yataka Uwanja Mkubwa: Nani Atalipa, na Hati Itakuwa ya Nani?

Ukifika senta ya Adumi siku ya Jumapili mchana, utakuta watu wamekaa kivulini wakizungumza mambo mawili kuliko mengine yote: bei ya mazao na kandanda. La bei ya mazao ni wimbo wa kila msimu. Leo tuandike la kandanda, maana nalo ni la wafanyakazi na wakulima, na nalo lina fedha ndani yake.

Adumi iko upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Arua, huko Ayivu, karibu na mpaka wa Kongo. Wapo vijana hapa ambao hawajawahi kuiona Kampala, lakini waulize juu ya Onduparaka ya mwaka 2016 watakusimulia mpaka jua litue. Timu ile ilianzishwa 2011, ikatoka kijijini, ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka ikaingia Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Ilikuwa ajabu. Mkoa mzima, ambao kwa miaka mingi ulijulikana Kampala kwa kutoa askari na vibarua wa mashamba ya miwa, sasa ulijulikana kwa kutoa mpira. Muhammad Shaban alitoka hapo akachaguliwa timu ya taifa iliyokwenda Kombe la Afrika 2017 huko Gabon. Siku ya mechi, Green Light, uwanja wa nyumbani wa Onduparaka, ulijaa watu mpaka ukingoni mwa chaki. Wengine walikuwa juu ya miti.

Ndipo hoja ilipozaliwa, na haijafa hata leo: Je, timu zetu za West Nile hazihitaji uwanja mpya, mkubwa, wenye viti na mapaa kama wa wenzetu?

Wanaotaka uwanja mkubwa wana maneno mazito. Wanasema Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020, na jiji bila uwanja wa maana ni jiji la karatasi. Wanasema mtu aliyelipa kiingilio hapaswi kunyeshewa mvua dakika tisini, wala mama mwenye mtoto mgongoni hapaswi kusukumwa na umati kama gunia la mihogo. Wanatazama upande wa Hoima. Kombe la Afrika la 2027 limepewa nchi zetu tatu, Kenya, Tanzania na Uganda, na Hoima ikaanza kujengewa uwanja wa watu 20,000 mwaka 2024. Hoima, wanasema, ina mafuta. Sisi tuna nini? Tuna watu. Na watu ndio wanaojaza uwanja, si mafuta.

Maneno hayo ni ya kweli na sitayapuuza. Lakini tukae kidogo na hesabu, kama tukaavyo na karani siku ya mshahara.

Ligi Kuu yetu imezoea kuwa na timu 16. Kila timu hucheza nyumbani mara 15 kwa msimu. Maana yake ni kwamba uwanja unaingiza fedha za mlangoni siku 15 katika mwaka wa siku 365. Siku 350 zilizobaki unalala. Lakini mlinzi halali bure, nyasi hazikatwi bure, na bomba la maji likipasuka fundi hasemi atasubiri msimu uanze. Tuseme umejenga viti 20,000, na siku ya kawaida wanakuja watu 4,000. Viti 16,000 vitupu vitatunzwa na kiingilio cha hao 4,000. Hapo ama kiingilio kitapanda mpaka kibarua ashindwe, ama majengo yataanza kuota nyasi ukutani.

Na timu hushuka. Hili hatupendi kulitamka Adumi, lakini Onduparaka yenyewe ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2023. Kabla ya hapo jiji letu lilikuwa na timu mbili za daraja hilo, kwani Arua Hill nayo iliingia msimu wa 2021/22, ikichezea Barifa. Mechi za ndugu hao wawili zilisimamisha soko. Nani wakati ule angekubali kuambiwa kwamba furaha ile ingekatika upesi hivyo? Deni la uwanja halishuki daraja pamoja na timu. Linabaki palepale juu, likidai.

Kuna jambo jingine ambalo washabiki wengi hawaliangalii sawasawa. Namboole ulifunguliwa 1997 kwa msaada wa China, nao ndio uwanja mkubwa wa taifa. Haukukosa ukubwa. Ulikosa kutunzwa, ukafungwa kwa matengenezo, na timu ya taifa ikabaki haina kwao. Mwaka 2021 na 2022 ikajisitiri Kitende, uwanja wa klabu ya Vipers, mdogo zaidi lakini uliokuwa na mwenye kuushughulikia. Kisha Kitende nao haukukubalika tena kwa Shirikisho la Afrika, na kufikia 2023 Uganda iliwakaribisha Tanzania huko Ismailia, Misri. Mwenyeji anapanda ndege kwenda kumkaribisha mgeni! Namboole haukupokea tena mechi za taifa mpaka 2024. Kwa hiyo anayesema ukubwa peke yake utatuletea heshima, na aulize kwanza ni vyumba gani vya wachezaji, ni taa gani, ni vyoo gani, na ni nani atakayevifagia mwaka wa kumi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni hati ya ardhi.

Pale Kampala tulikuwa na Nakivubo. Uwanja ule uliwekwa chini ya wadhamini kwa sheria ya mwaka 1953, uwe ukumbusho wa askari wa vita vya dunia, na katika hao askari wa King's African Rifles walikuwamo wazee wetu wengi kutoka West Nile. Miaka ikapita, maduka yakauzunguka. Mwaka 2017 ukabomolewa, na aliyeujenga upya ni mfanyabiashara, Hamis Kiggundu, na maduka yamo humohumo. Wapo wanaosema bora hivyo, kuliko kuuacha uoze. Huenda. Lakini uwanja wa ukumbusho umekuwa pia uwanja wa biashara, na mshabiki hakuulizwa.

Tanzania nako kuna somo. Viwanja kama Kirumba cha Mwanza na Sokoine cha Mbeya vilijengwa enzi ya chama kimoja, na wazee wa huko husimulia jinsi wananchi walivyochanga fedha na nguvu zao. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, viwanja vilibaki mali ya CCM. Mpaka leo wapo wanaouliza: tofali nililobeba mimi ni la chama au ni la mji? Aliyebeba tofali hakuwa na karatasi.

Ndugu zetu waliohamia Kakira na Lugazi tangu enzi za babu zetu kukata miwa wanalielewa hili bila kufundishwa. Kule Kakira upo uwanja ndani ya mji wa kiwanda cha sukari, na mechi za ligi zimechezwa hapo. Ni uwanja mzuri. Lakini mkata miwa anajua kwamba anaingia kwa mwenye shamba. Akiacha kazi leo, kesho hata nyumba ya kulala si yake, sembuse uwanja. Wenzetu hao ndio wanaotuma fedha kidogo kidogo nyumbani, za ada ya shule, za mabati, na zikibaki, za timu. Wakiombwa kuchangia uwanja mpya wana haki ya kuuliza fedha yao itaandikwa katika daftari gani.

Nimesikia katika mabishano haya kijana wa bodaboda akisema kwamba maswali kama haya ni ya watu waoga, kwamba tukingojea hati na daftari Arua haitajenga hata ukuta. Tajiri akija na fedha zake, tumpishe ajenge. Mzee mmoja mkulima wa tumbaku akamjibu kwamba yeye amewaona matajiri wakija na mbegu na mbolea kwa mkopo, na siku ya kupima majani mzani ukasema maneno mengine. Watu walicheka, lakini kijana hakukubali, na sioni kwa nini akubali. Ana miaka ishirini na kitu, na anataka kuuona uwanja huo akiwa bado na nguvu ya kushangilia.

Maoni yangu mimi? Naunga mkono uwanja, ila si wa viti 20,000 kwa kuanzia. Kwanza ardhi ipimwe na hati iandikwe kwa jina ambalo washabiki wanaweza kulihoji mkutanoni: jiji, au klabu yenye wanachama waliolipa ada na kupewa risiti. Pili, uzio na milango, kwa sababu fedha nyingi za mpira wetu hupotea pale mtu anapopenya uani. Tatu, vyoo, na hasa vya akina mama, ambao leo wengi wanabaki nyumbani kwa sababu hiyo tu wala si kwa kutopenda mpira. Kisha jukwaa moja lenye paa la mabati. Likijaa mechi zote 15, lijengwe la pili. Siku hizo 350 za usingizi, shule zicheze hapo, soko likodishe, na vyama vya wafanyakazi tufanye mikutano yetu ya Mei Mosi badala ya kusimama juani.

Kijana wa bodaboda alisema mpango huo ni wa kujenga uwanja kama mtu ajengavyo nyumba ya mkopo, chumba kimoja kila mwaka. Nikamjibu kwamba ndivyo nyumba nyingi za Adumi zilivyojengwa, na watu wanalala ndani. Akawasha pikipiki yake, akaniambia tutaonana kwenye mechi, nami nijiletee mwavuli.