Kujitwika na Kutua: Misingi ya Unyanyuaji Salama wa Uzito kwa Wanawake Wanaoanza Mazoezi ya Nguvu Mvumi, Dodoma

Utangulizi

Ushauri kwamba mwanamke aepuke kunyanyua vitu vizito husikika mara kwa mara, lakini maisha ya Mvumi, wilayani Chamwino, hayampi nafasi ya kuufuata. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kazi ya kuchota maji kwa kawaida huwaangukia wanawake na mabinti. Dumu la lita 20 likijaa hubeba kilo 20 za maji, mbali na uzito wa dumu lenyewe. Fimbo tupu ya chuma inayotumiwa na wanawake katika mashindano ya kunyanyua uzani, mchezo ambao wanawake waliuingia katika Olimpiki mwaka 2000 jijini Sydney, ina kilo 15. Hivyo, anayeanza mazoezi ya nguvu Mvumi si mgeni wa uzito; alichokosa ni mafunzo ya kuunyanyua. Makala hii inafafanua mafunzo hayo, na hoja yake ni kwamba yaanzie kwenye vitendo viwili: kujitwika na kutua.

Kubeba na kunyanyua

Kiswahili hutenganisha kujitwika, kubeba na kutua, na mgawanyo huo unafaa kutumika kitaalamu. Kuhusu kubeba, Maloiy na wenzake walionesha mwaka 1986, katika jarida la Nature, kwamba wanawake wa Kenya waliozoea kazi hiyo waliweza kubeba hadi takriban asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza matumizi ya nishati. Kwa mwanamke wa kilo 55, kiwango hicho ni kilo 11. Dumu lililojaa huzidi asilimia 36. Aidha, wepesi wa nishati haumaanishi kwamba shingo haielemewi.

Katika kujitwika, mzigo huanza chini, mbele ya mwili. Fomula ya unyanyuaji iliyorekebishwa mwaka 1991 na taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini ya Marekani huweka kikomo cha kilo 23 pale tu hali zote zinapokuwa bora, mzigo ukiwa sentimita 25 kutoka mwilini. Umbali huo ukifika sentimita 50, kikomo hushuka hadi kilo 11.5, kabla ya kuhesabu kina cha kuinama na kimo cha kupandisha. Dumu lilelile, likiwa mbali na mwili, huzidi kikomo kwa sababu ya mkao peke yake.

Hatua za mafunzo

Kwanza, mwanamke ajifunze mkao bila mzigo: miguu iachane kwa upana wa mabega, nyonga zirudi nyuma, magoti yakunjwe, na mgongo ubaki umenyooka. Pili, atumie dumu lenye lita 5, alisogeze kati ya nyayo, kisha ainuke kwa nguvu za miguu na nyonga huku akitoa pumzi. Kugeuka kufanywe kwa kusogeza miguu, kamwe si kwa kupinda kiuno. Kutua kufuate njia hiyohiyo kinyumenyume, polepole.

Tatu, uzito uongezwe kwa kipimo. Mwongozo wa mwaka 2009 wa Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo unapendekeza wanaoanza wafanye mazoezi siku 2 hadi 3 kwa wiki, marudio 8 hadi 12 kwa kila mkupuo, na kuongeza asilimia 2 hadi 10 pale marudio yaliyopangwa yanapozidiwa kwa wepesi. Maji hurahisisha hesabu hiyo: lita moja ni kilo moja, hivyo nusu lita juu ya lita 10 ni asilimia 5. Maji yasiyojaza dumu huyumba. Kwa hiyo kifuniko kifungwe na mwendo uwe wa taratibu.

Nne, mazoezi yafanywe kabla ya safari ya maji, wakati mwili haujachoka, na siku zenye safari nyingi zihesabiwe kama siku za mzigo. Dumu lililojaa linyanyuliwe kwa hatua mbili, kutoka chini hadi kwenye kiinuko cha kimo cha kiuno, kisha kichwani juu ya kata, au kwa msaada wa mwenzake wa kumtwika.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye shinikizo la damu, upungufu wa damu au dalili za kushuka kwa kizazi apimwe kwanza hospitalini. Maumivu makali ya mgongo, au ganzi inayoteremka mguuni, ni sababu ya kuacha mara moja na kutafuta matibabu.

Hitimisho

Sera ya kumtua mama ndoo kichwani ndiyo suluhisho la msingi, na mafunzo haya hayachukui nafasi ya bomba. Hata hivyo, bomba likifika, kuni, magunia ya mtama na watoto wataendelea kunyanyuliwa, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba elimu ya afya ya jamii iache kumkataza mwanamke uzito asioweza kuukwepa, na badala yake imfundishe kuujitwika na kuutua.