Mistari Sita ya Kukokotoa Vipeo

Katika hisabati, kipeo ni namba inayoandikwa kwa tarakimu ndogo juu kidogo ya namba nyingine, upande wake wa kulia, ili kuonyesha ni mara ngapi namba hiyo ya chini, iitwayo msingi, inatokea katika zao. Mbili yenye kipeo cha tano, kwa mfano, ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, na zao lake ni 32. Mtindo huu wa kuinua tarakimu ulienea baada ya René Descartes kuutumia katika kitabu chake cha jiometri kilichochapishwa mwaka 1637, ingawa yeye mwenyewe, ilipofika zamu ya kipeo cha pili, mara nyingi aliona ni rahisi zaidi kuirudia herufi mara mbili sambamba.

Tarakimu iliyoinuliwa haina taabu kwa mwenye kalamu, lakini mashine za mwanzo za kuingizia maandishi katika kompyuta zilipokea herufi zilizopangwa katika mstari mmoja tu, kwa hiyo watungaji wa lugha za programu walilazimika kutafuta alama mbadala, na hawakuafikiana. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 na kundi lililoongozwa na John Backus, ilichagua nyota mbili zinazofuatana. BASIC, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani mwaka 1964, ilitumia mshale unaoelekea juu, ambao baadaye uligeuka kuwa alama ya kofia, yaani ^. Lugha ya C haikuweka alama yoyote ya kipeo, na Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991, ilirudia nyota mbili za FORTRAN. Tofauti hizi si mapambo. Mwanafunzi aliyezoea kofia na anayeandika 5 ^ 2 katika Python akitarajia 25 atapewa 7, bila onyo lolote, kwa sababu katika lugha hiyo kofia hulinganisha namba mbili tarakimu kwa tarakimu katika mfumo wa sifuri na moja, na kulinganisha huko hakuhusiani na vipeo hata kidogo.

Kwa kuwa Python inatoa 25 mara moja mtu anapoandika 5 ** 2, inaweza kuonekana kwamba hakuna haja ya kuandika programu ya kukokotoa vipeo. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu anayetaka jibu, lakini haina nguvu kwa anayejifunza, kwani alama iliyo tayari huyaficha maswali yote ambayo mtungaji wake alilazimika kuyajibu, na maswali hayo ndiyo elimu yenyewe. Programu ifuatayo, yenye mistari sita, inafanya kazi hiyo kwa kuzidisha tu:

msingi = int(input("Andika msingi: "))
kipeo = int(input("Andika kipeo: "))
jibu = 1
for hatua in range(kipeo):
    jibu = jibu * msingi
print(jibu)

Maneno msingi, kipeo, jibu na hatua ni vigeu, yaani majina ambayo mwandishi wa programu huyachagua mwenyewe ili yabebe thamani zinazoweza kubadilika, na Python haijali kama majina hayo ni ya Kiswahili, mradi yaandikwe kwa namna ileile kila yanapotokea. Maneno mengine, kama vile for na print, ni ya lugha yenyewe na hayabadilishwi. Mistari miwili ya kwanza inampokea mtumiaji: input husoma anachokiandika, na int hugeuza maandishi hayo kuwa namba kamili, yaani namba isiyo na sehemu ya desimali. Ugeuzaji huo ni wa lazima, kwa sababu kila kinachotoka kwenye kibodi huingia kama mfuatano wa herufi, hata kama herufi hizo ni tarakimu. Kosa la kusahau int katika mstari wa kwanza lina ujanja wake: mtumiaji akijaribu kipeo cha 1, programu itatoa jibu linalofanana na jibu sahihi, kwa kuwa Python huelewa kuwa kuzidisha maandishi kwa moja ni kuyaandika mara moja, lakini akijaribu kipeo cha 2, programu itakatika, kwa kuwa maandishi hayawezi kuzidishwa kwa maandishi. Aliyeijaribu programu yake kwa kipeo kimoja tu, tena kile chepesi kuliko vyote, hajaijaribu.

Mstari wa nne na wa tano ni kitanzi, yaani sehemu inayorudiwa mara kadhaa, na idadi ya marudio hapa ni sawa na kipeo. Alama ya usawa katika mstari wa tano haidai kwamba pande mbili ni sawa, dai ambalo kihisabati lingekuwa la ajabu. Inaamuru kwamba zao la upande wa kulia likokotolewe kwanza, kisha liwekwe katika kigeu cha upande wa kushoto, na thamani ya zamani iachwe. Kwa msingi wa 2 na kipeo cha 5, kigeu jibu kinaanza na 1, kisha kinakuwa 2, 4, 8, 16 na mwisho 32. Nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari wa tano nayo ina maana, kwani ndiyo inayoiambia Python kuwa mstari huo umo ndani ya kitanzi. Mstari wa mwisho ukisogezwa ndani vivyo hivyo, kila hatua itachapishwa, jambo ambalo si kosa bali ni njia nzuri ya kuitazama programu ikifanya kazi.

Wanaoanza huuliza kwa nini jibu lianze na 1, na wengi huweka 0 kwa mazoea ya kujumlisha, wakapata 0 kila mara. Moja ndiyo namba ambayo haiathiri kuzidisha, kama sifuri isivyoathiri kujumlisha, na kuanzia hapo kunatatua pia fumbo ambalo wanafunzi wa sekondari huambiwa tu walikariri: namba yoyote yenye kipeo cha sifuri ni 1. Kipeo kikiwa 0, kitanzi hakizunguki hata mara moja, na jibu linabaki lile la mwanzo. Hata sifuri yenye kipeo cha sifuri, ambayo wanahisabati hutofautiana kuihusu kulingana na tawi wanalolishughulikia, inatoka 1 katika programu hii, na alama ya nyota mbili ya Python inatoa jibu hilohilo.

Vipeo hasi ni habari nyingine. Mbili yenye kipeo cha hasi tatu ni moja ya nane, yaani 0.125, lakini programu iliyo hapo juu itajibu 1, kwa sababu Python inapoambiwa izunguke mara hasi tatu haizunguki kabisa, wala hailalamiki. Programu inayokatika angalau humjulisha mtu kwamba kuna hitilafu, ilhali hii inatoa jibu la uongo kwa utulivu uleule inaotoa jibu la kweli. Tiba yake ni sharti moja: kipeo kikiwa chini ya sifuri, kibadilishwe kuwa chanya, zao litafutwe kama kawaida, kisha 1 igawanywe kwa zao hilo, na kama msingi ni sifuri, mtumiaji aambiwe kuwa hesabu hiyo haipo.

Sehemu za desimali huleta ugumu wa aina yake, na hapa ndipo vipeo vinapoingia mfukoni mwa watu. Mkopo wa shilingi 1,000,000 wenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, riba inayoongezwa juu ya riba, hufikia baada ya miaka 5 milioni moja mara 1.1 yenye kipeo cha 5, yaani shilingi 1,610,510. Ili programu ipokee 1.1, neno int la mstari wa kwanza linabadilishwa kuwa float, ambalo hukubali desimali. Lakini mwanafunzi akiijaribu kwa kipeo cha 2 ataona 1.2100000000000002 badala ya 1.21. Kompyuta haijakosea kuzidisha. Inahifadhi namba kwa mfumo wa sifuri na moja, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama ambavyo theluthi moja haina mwisho katika desimali za kawaida, kwa hiyo huhifadhiwa kwa makadirio ya karibu sana. Ndiyo maana programu makini za fedha hazitegemei float: huhesabu kwa senti nzima au kwa aina maalumu ya desimali.

Namba kamili nazo zina mpaka wake, ingawa Python imeusogeza mbali. Mbili yenye kipeo cha 100 inatoka kwa ukamilifu, tarakimu 31 kuanzia 1,267,650,600, kwa sababu lugha hii huongeza nafasi ya kumbukumbu kadiri namba inavyokua. Kitanzi hichohicho kikiandikwa kwa Java kwa kutumia aina ya kawaida ya namba kamili, ambayo imetengewa tarakimu 32 za sifuri na moja, mbili yenye kipeo cha 31 inatoka hasi 2,147,483,648, na yenye kipeo cha 32 inatoka sifuri.

Linabaki swali la kasi. Kipeo cha 1000 kinakizungusha kitanzi mara 1000, lakini hakuna anayelazimika kupita njia hiyo. Tatu yenye kipeo cha 13 inaweza kupatikana kwa kuanza na 3, kuizidisha kwa yenyewe kupata 9, kisha 81, kisha 6,561, ambazo ni tatu yenye vipeo vya 1, 2, 4 na 8. Na kwa kuwa 13 ni 8 na 4 na 1, zao la 6,561 na 81 na 3 linatoa 1,594,323 kwa kuzidisha mara tano tu. Kitanzi cha njia hii ni hiki, nacho huchukua nafasi ya mstari wa nne na wa tano:

while kipeo > 0:
    if kipeo % 2 == 1:
        jibu = jibu * msingi
    msingi = msingi * msingi
    kipeo = kipeo // 2

Alama ya asilimia hutoa baki la kugawanya, kwa hiyo sharti la mstari wa pili huuliza kama kipeo ni witiri; mikwaju miwili hugawanya na kutupa sehemu ya desimali. Kwa kipeo cha 1000 kitanzi hiki kinazidisha mara 16, na mtu makini anayehesabu kwa mkono angeweza kufika kwa 14, kwa kuwa programu inapoteza mara moja ikizidisha 1 mwanzoni na mara nyingine ikikuza msingi ambao hautahitajika tena. Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko mashine yoyote. Pingala, mtaalamu wa arudhi wa India aliyeishi zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alitoa kanuni ya kugawa kwa mbili na kuzidisha namba kwa yenyewe ili kupata idadi ya mipangilio ya silabi fupi na ndefu katika mshororo, ambayo kwa silabi 8 ni 256.

Kanuni ya mtaalamu huyo leo inafanya kazi kila mara ufunguo wa siri wa RSA unapotumika, mfumo wa kuficha ujumbe uliobuniwa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, na ambao hulinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Ndani yake ujumbe hugeuzwa kuwa namba, namba hiyo huinuliwa kwa kipeo kinachoweza kufikia tarakimu zaidi ya 600, na kila baada ya kuzidisha huchukuliwa baki tu la kugawanya kwa namba maalumu, ili zao lisikue kupita kiasi. Kitanzi cha kwanza kisingemaliza hesabu hiyo kamwe. Cha pili huimaliza kwa kuzidisha mara elfu chache.

Hata hivyo, mwaka 1996 Mmarekani Paul Kocher alionyesha kuwa mstari ule unaouliza kama kipeo ni witiri una hatari yake, kwani jibu likiwa ndiyo kompyuta inazidisha mara moja zaidi, na anayepima kwa makini muda unaotumika anaweza kukikisia kipeo cha siri, tarakimu baada ya tarakimu. Kwa sababu hiyo waandishi wa programu za usalama huandika kitanzi hicho kwa namna ambayo kazi inayofanyika ni ileile, kipeo kiwe witiri au shufwa, wakikubali kupoteza sehemu ya kasi iliyopatikana.